Pikapu Iliyopanda Cheo

Mwenzetu wa Kaole kavisha pikapu yake tairi mpya. Za kiwandani, 265/65R17, kaziona za kitoto; sasa ni 285/70R17, zina meno utadhani anakwenda kuvuka Ruvu bila daraja. Anakwenda Bagamoyo mjini, kilomita kama 5, kununua mkate.

Hongera, shehe! Ila kipenyo kimeongezeka kama asilimia 7, hivyo spidomita ikisoma 50, gari liko kwenye 53 na ushee. Trafiki hahesabu meno ya tairi. Anatazama tochi yake, anakuandikia 30,000. Usukani ukikatwa hadi mwisho, mpira unasugua madigadi, naye kakata plastiki kwa kisu cha samaki, eti "nimeboresha." Mama mkwe siku hizi akitaka kupanda anatafutiwa kigoda.

Juzi kashuka nalo ufukweni, meno yakachimba mchanga hadi ekseli ikakaa chini. Wavuvi wakamwambia apunguze upepo, tairi itandae, gari litatoka lenyewe. Akakataa katakata. Akipunguza upepo, gari si litaonekana fupi?