Namna ya Kuazimisha Kitabu cha Bibi na Bado Mkabaki Ndugu

Anza na ufunguo. Katika nyumba nyingi za kwetu, vitabu vyenye maana kwa ukoo vimewekwa kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu kabisa, vimebanwa kati ya chupa ya chai ya wageni na bilauri ambazo tangu siku ya harusi hazijatiwa maji. Kabati lina vioo, vioo vina kufuli, na ufunguo umefundikwa kwenye pindo la kanga ya mama. Mwendee mama kwa adabu, mwamkie, sifu chakula cha mchana, kisha omba. Ukikataliwa, rudi kesho. Mwongozo huu haufai kitu mpaka kabati lifunguliwe.

Atakwambia vitabu hivyo ni kumbukumbu, havichezewi. Hapo mjibu kwa habari za Mwana Kupona binti Msham wa Pate. Mnamo 1858, akiwa mgonjwa, mama huyo alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti 102 wa kumuusia namna ya kuishi na Mola wake, na mume, na watu. Yalikuwa maneno ya mama na mwanawe, mambo ya chumbani. Lakini utendi ukanakiliwa kwa mkono, ukapita kwa wanawake wengine wa Pate na Lamu, na leo unasomwa vyuoni. Shaaban Robert naye aliwatungia watoto wake: Utenzi wa Hati ni wa binti, Utenzi wa Adili ni wa mwanawe wa kiume. Tungo hizi zilianza zikiwa za nyumba moja, na zimetufikia kwa sababu nyumba hizo hazikuzifungia. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: kitabu cha ukoo ni cha kuazimishwa. Kinachotakiwa ni kujua namna.

Ukishakipata mkononi, usikimbilie kukigawa. Kijue kwanza. Kwetu kipo kijitabu chembamba cha Mtu ni Afya, ile kampeni ya 1973, watu walipokuwa wakikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kusoma pamoja habari za malaria, vyoo na maji safi. Asiyejua atakiona ni karatasi ya kuwashia mkaa. Sasa fungua jalada. Upande wa ndani bibi ameandika jina lake kwa penseli, mstari chini ya mstari, mpaka nafasi imeisha. Juu huko herufi zinapanda na kushuka, S imegeukia nyuma, na penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka mahali. Mstari wa mwisho umenyooka. Bibi alijifunza kusoma ngumbaru akiwa tayari na wajukuu, na baada ya ukurasa ule hakutia tena dole gumba kwenye karatasi za mauzo ya pamba. Ukimwazima mtu kijitabu hicho bila kumwambia haya, atakurudishia akiwa amejifunza kuchimba choo, basi.

Kwa hiyo mkalishe mzee anayekifahamu kitabu, umuulize, na simu iwe inarekodi. Usimuulize kinahusu nini, hilo utalisoma mwenyewe. Muulize kilinunuliwa wapi na kwa pesa ya nani, nani alikuwa akisomewa, nani alikatazwa kukigusa. Mama nilipomuuliza hivyo kuhusu nakala yake ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku mashuleni, alicheka kwanza. Aliisoma bwenini ikiwa imevalishwa jalada la kitabu cha jiografia, wasichana wakipokezana usiku kwa tochi moja, na matroni akapita mara kadhaa akafurahi kuona jiografia inavyopendwa. Kisha akanyamaza. Pale ambapo Zakaria, babake Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua, mama amepiga mstari, na pembeni ameandika neno moja dogo: baba. Nimekua nikimjua babu kwa picha ya ukutani tu, amevaa kanzu na koti, ametulia. Siku ile nilijua jambo jingine. Sasa, kwa ruhusa ya mama, nakala hiyo nawaazima mabinti wa ukoo wanaoingia kidato cha tano, na kila mmoja namfungulia ukurasa ule kabla hajaondoka nayo.

Matayarisho hayachukui muda. Andika ndani ya jalada kama tulivyoandika shuleni, kwamba kitabu hiki ni mali ya fulani, ukikiokota mrudishie, na ongeza namba ya simu. Kivalishe kaki. Kurasa zilizochomoka zibandike kwa gundi nyembamba. Seloteipu iache, maana miaka ikipita inageuka njano, inaachia, na ulimbo wake unabaki juu ya maandishi. Ukikaa pwani, adui yako ni ukungu, hivyo toa vitabu mara kwa mara uvipunge upepo kivulini. Ukikaa bara kwenye mchwa, rafu isigusane na ukuta. Majani makavu ya mwarobaini ndani ya sanduku huwapunguza wadudu, na bibi zetu walilijua hilo zamani.

Sasa mwazimaji. Hapa ndipo undugu unapopimwa, na nitasema wazi. Yupo shemeji anayependa kitabu kionekane. Atakiomba mbele ya wageni, atakishika kwa mikono miwili, na miezi sita baadaye utakikuta sebuleni kwake mahali pale pale alipokiweka siku ya kwanza, kimekuwa chano cha rimoti. Yupo binamu wa "kesho kutwa nakuletea", ambaye kwake kesho kutwa haijawahi kufika. Na yupo shangazi anayesoma huku anakaanga maandazi. Watu humwogopa shangazi huyu kwa sababu kitabu hurudi na alama ya kidole cha mafuta ukurasa wa 40 na nyingine ukurasa wa 112. Mimi nasema mpe yeye kwanza. Alama ya ukurasa wa 112 ni hati kwamba amefika huko, na jioni atakupigia kukueleza kwa nini mhusika fulani amekosea kuolewa na fulani. Shemeji atarudisha kitabu kisafi kabisa na hatakuwa na la kusema.

Nunua daftari, lile kubwa la kaunta buku, uandike jina la kitabu, la aliyekichukua, na siku. Siku ya kurudisha usiipange. Panga siku ya kuja kukisimulia, tena mbele ya watu, chakula kikiwepo. Mtu aliyealikwa kuja kusimulia Jumapili ijayo, mbele ya wakwe, husoma. Nimeona mjomba mmoja akisoma ndani ya daladala akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye bomba, kwa sababu hiyo hiyo.

Na siku ikipita bila mtu kutokea, nenda mwenyewe, ila usiende mikono mitupu. Huyo mjomba alikuwa na Kusadikika yetu, toleo la zamani lenye kurasa rangi ya chai. Ni hadithi ya Karama anayeshtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na mema, nchi yao ikawalipa adhabu. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kunisalimia au umekifuata kitabu?"

"Yote mawili, mjomba. Na nimekuletea kingine."

"Kile sijakimaliza. Niko kwa mjumbe wa nne."

"Basi nisimulie watatu wa kwanza, chai ikiwa jikoni."

Akasimulia. Alipofika wa tatu, wanawe wawili walikuwa wameacha simu na kukaa mkekani, na mmoja akauliza kwa nini wajumbe hawakukataa kwenda. Mjomba hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Kitabu nilikiacha pale pale, nikafuta jina lake kwenye daftari na kuandika la mwanawe. Kudai kitabu kwa namna hii hakumvunjii mtu heshima, na mara nyingi kunakupatia msomaji mwingine ambaye hukumtegemea.

Unachokisoma sasa hivi nacho kina utaratibu wake. Kundi la ukoo la WhatsApp limejaa maua ya asubuhi njema na dua zilizosambazwa mara nyingi. Ukitupia humo picha ya jalada na kikombe cha kahawa, utapata vidole gumba vinne na mambo yataishia hapo. Tuma ujumbe wa sauti. Chagua aya moja, moja tu, usome polepole, kisha uliza swali linalomhusu mtu wa kundi lile kwa jina. Ukiwa unasoma Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, soma pale kijana Yusuf anapochukuliwa na mfanyabiashara aliyezoea kumwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Muulize babu mkubwa kama alipata kusikia mambo ya kuweka mtoto rehani. Kisha kaa kimya. Wazee wetu wana majibu ya dakika nyingi wakiulizwa jambo la maana, na jibu hilo lihifadhi pamoja na kitabu.

Vipo vitu vya kutoazimisha hata kwa shangazi. Msahafu au Biblia iliyoandikwa ndani tarehe za kuzaliwa watoto isitoke nyumbani. Kwenye familia nyingi ukurasa ule ndio cheti cha kuzaliwa pekee kilichowahi kuwapo: jina, siku, saa ya alfajiri au baada ya adhuhuri, mwandiko wa babu ukibadilika kadiri macho yalivyopungua, na mahali pengine jina lililofuatwa na tarehe mbili zilizokaribiana sana. Upige picha vizuri, mchana, karibu na dirisha, na uwatumie wote. Hiyo ndiyo namna ya kuugawa.

Halafu kuna siku ya kuanua tanga, ambayo watu wa vitabu tunaisinzilia. Nguo za marehemu zinagawiwa, baiskeli ina mwenyewe kabla ya jua kuchwa, kitanda kinabishaniwa. Vitabu vinabaki sandukuni, na baada ya mwaka mtu anakuja kununua karatasi kwa kilo. Ndiyo maana unaweza kununua karanga stendi, ukafungua kikaratasi, na ukakutana na mwandiko wa mtu pembeni mwa ukurasa. Usikubali. Siku ile ile nyanyuka, omba radhi kwa wakubwa, na uombe sanduku lifunguliwe mbele ya wote. Kila mrithi achague kimoja na aseme kwa nini. Wengine watalia, wengine watacheka kwa kukumbuka marehemu alivyokuwa akisoma na miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Atakayesema hataki chochote mpe kilicho chembamba.

Limebaki jambo moja nalo halingoji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaopendana huku wakikosa mtoto. Yeye na mkewe Anna walikuwa wamezika watoto wao wenyewe. Hakupata wa kuichapa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, miaka 35 baadaye. Alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Katika ukoo wako huenda yupo mzee mwenye daftari: mashairi, orodha ya mababu, habari za kwenda Tanga kukata mkonge kwa kipande. Mwombe wiki hii. Lipeleke steshenari lichapwe, litolewe kopi za kutosha nyumba zote, lijalidiwe hata kwa plastiki. Nakala ya kwanza mpe yeye, akiwa bado anaona maandishi, na umwombe aandike ndani jina la mtu wa kwanza wa kuazimwa.