Ushahidi wa Maji Baridi

Katika bandari za Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na kuvuka hadi Unguja, fundi wa boti anayekuta maji katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya tumbo la chombo ambako kila tone hukusanyika hatimaye, huchovya kidole, hukilamba, na papo hapo huwa amekwisha kujua nusu ya habari. Maji yakiwa ya chumvi, yametoka baharini na kuna tundu la kutafutwa. Yasipokuwa na chumvi, ni ya mvua, au ni ya dumu la abiria lililopinduka. Mwanza utaalamu huo haufai kitu, kwa kuwa Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ni ziwa la maji baridi, na fundi anayelamba kidole pale Kirumba hupata ladha ya matope kidogo, dizeli kidogo, na wasiwasi wa kichocho. Hata mstari mweupe ambao chumvi huuchora mahali ilipopita baada ya kukauka haupatikani ziwani. Maji huingia, hukaa, na hayasemi yalikotoka.

Ukimya huo huwatesa zaidi wamiliki wa boti za faiba zenye injini ndani na mguu nje. Aina hii, ambayo kampuni ya Volvo Penta iliianzishia soko mwaka 1959 kwa mtambo ulioitwa Aquamatic, huiweka injini ndani ya boti karibu kabisa na tezi, yaani upande wa nyuma, kisha nguvu yake hupitishwa kwenye tundu lililokatwa tezini hadi kwenye mguu unaoning'inia nje ukiwa na rafadha, ambayo ni panga linalosukuma maji. Ziwani boti hizi ni chache, kwani wavuvi wenye injini walio wengi wanatumia za kupachika, ambazo hufungwa kwa nje na hazihitaji mtu yeyote kutoboa chombo chake mwenyewe chini ya usawa wa maji. Mwenye boti ya mguu amekubali tundu hilo kwa hiari, amelilipia, na kwa sababu uzito wa injini huyavuta maji yote ya ngama kuelekea tezini hata kama yameingilia omo, yaani mbele, mguu hushtakiwa kwa kila tone, kama mgeni pekee aliyelala nyumbani siku sukari ilipopungua.

Mvuvi wa dagaa huyatazama mashaka haya kwa mshangao wa adabu. Mtumbwi wake wa mbao umekalafatiwa, maana yake maungio ya mbao yamezibwa kwa nyuzi za pamba zilizogongwa ndani ya nyufa, na katika mkoa uliolima pamba kwa vizazi hakuna aliyewahi kukosa dawa hiyo. Anajua kwamba mtumbwi uliokaa juani mbao zake husinyaa, na ukirudishwa majini utavuja mpaka zivimbe na kubanana tena. Kwa hiyo anabeba kopo, na kati ya mabaharia wake yupo anayekumba maji usiku kucha huku wengine wakivuta nyavu. Kwake kuvuja ni kazi yenye mtu wake, wala si fumbo.

Kwa mwenye faiba, hata hivyo, ni fumbo, na fumbo likishatua mwaloni huwa la watu wote. Mwalo, yaani ufuko ambako vyombo hutia nanga na samaki huuzwa, haujawahi kukosa washauri, na ushauri wao wa kwanza siku zote ni silikoni. Mwenye boti hukumbushwa ile methali ya ufa na ukuta, ingawa aliyeitunga alikuwa na bahati ya kuishi na ukuta, ambao ufa wake huonekana. Basi silikoni hupakwa pale maji yalipoonekana, na maji, ambayo yaliingilia kwingine kabisa na hapo yalikuwa yamepumzika tu, hupumzika siku inayofuata mahali pengine, napo hupakwa. Ziko boti zilizokwisha kuongezeka uzito kwa tiba hii pasipo kupungukiwa maji.

Njia yenye maana huanza kwa kuikausha ngama kwa matambara mpaka ing'ae, kisha kuuliza maji huingia lini, kabla ya kuuliza huingilia wapi. Boti ikikaa majini injini ikiwa imezimwa na ngama ikalowa, tundu liko kwenye chombo chenyewe, kwenye kizibo chake, au kwenye mpira wa mguu. Ikilowa wakati injini inanguruma lakini boti imefungwa gatini, wa kushukiwa ni mfumo wa kupoza, kwa sababu injini hizi huyavuta maji ya ziwa kupitia mguuni, huyazungusha kwa pampu na kuyatema pamoja na moshi, hivyo klempu moja iliyolegea kwenye hosi huweza kuleta ziwa ndani kwa nguvu za injini ile ile iliyonunuliwa kwa ajili ya kulikimbiza ziwa nyuma. Ikilowa boti inapokata kona tu, macho yageukie mpira wenye mikunjo unaofunika maungio ya msalaba, ndugu wa yale yaliyomo kwenye propela shafti ya lori. Mpira huo ukizeeka hupasuka ndani ya mikunjo, ambako haonekani mtu wa kuuchungulia, na mguu unapopinda mpasuko hufunguka. Mguu ukinyooka hujifunga, na fundi anayeitwa kuutazama nchi kavu huapa kwamba ni mzima. Beringi iliyo nyuma yake ndiyo hutoa ushahidi wa kweli, maana ikishapata kutu hukoroma kila usukani unapozungushwa.

Wapo wanaonyunyiza unga mkavu juu ya ngama iliyokaushwa, ili njia ya maji ijichore yenyewe. Unga wa muhogo, ambao Ukerewe haukosekani, hufanya kazi hiyo vizuri kabisa, ila wakati wake ni mfupi: mtafiti akichelewa kidogo kwenda kutazama, hakuti mchoro, anakuta uji. Kwa maji yanayodhaniwa kupenya kutoka sitahani, yaani sakafu ya juu, bluu ya kufulia iliyokorogwa na kumwagwa juu hutosha, kwani ngama ikigeuka buluu kesi imekwisha, na soksi za nahodha pia.

Jaribio la kuaminika kuliko yote ndilo linaloharibu heshima ya mtu. Boti hupandishwa juu ya trela, kisha maji humiminwa ndani yake, ili yatokee nje pale yanapoingilia. Kanuni zake ni mbili tu: maji yasifike kwenye stata ya injini, na trela isielemewe, kwa maana kila ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Lakini hakuna kanuni inayomkinga mwenye boti dhidi ya macho ya mwalo mzima, unaomwona akichota ziwani na kumimina botini baada ya asubuhi nzima ya kuchota botini na kumimina ziwani. Wanawake wanaoanika dagaa husimama. Mtu hutumwa amwite shemeji yake. Na hapo mara nyingi hutokea shangwe, kwa sababu maji huanza kububujika nyuma kwa mkondo mnene na mzuri, mafundi hupeana mikono, simu hutolewa ili tundu lipigwe picha, mpaka mtoto mmoja aulize kile kizibo kilichowekwa juu ya tairi ni cha nini. Kizibo cha ngama huondolewa boti inapopanda nchi kavu ili imwage maji, na kusahau kukirudisha ndiko kuvuja kunakotokea mara nyingi kuliko kwingine kote, na kunakosimuliwa mara chache zaidi.

Yuko mhusika mwingine anayestahili kutazamwa kwa karibu kuliko mguu, naye ni pampu ya ngama, ambayo hujiwasha yenyewe maji yakipanda. Bomba lake la kutolea maji hutobolewa ubavuni, juu kidogo ya usawa wa ziwa, na hapo hukaa salama mpaka siku boti inapopakiwa mafuta, abiria, kreti za soda na sangara wenye barafu. Boti huzama inchi chache, tundu hufika chini ya maji, pampu humaliza kazi na kunyamaza, na maji hurudi ndani kwa tundu lile lile yalilotokea. Pampu huwaka tena. Huendelea hivyo usiku kucha, ikitoa ziwa lile lile na kulirudisha, mpaka betri iishe na boti ikutwe asubuhi imekaa chini kwenye maji ya kina cha kiuno. Hosi ikipandishwa juu kabla ya kuteremka kwenye tundu lake, na sehemu ya juu ikawekewa mlango mdogo wa hewa, mchezo huo hukoma, ingawa mshitakiwa wa kwanza, yaani mguu, kwa kawaida huwa amekwisha kufunguliwa, kubadilishiwa mpira na kulipiwa.

Lakini pampu iliyo nzima nayo hudanganya kwa namna yake, kwani huficha uvujaji wa miaka mingi na kuiacha ngama kavu, safi, ya kupendeza mbele ya mteja. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu wa boti kuukuu hasumbuki kuuliza kama inavuja. Huomba boti iachwe majini, swichi ya pampu izimwe, kisha huagiza chai na chapati na kutulia kivulini mpaka jioni, wakati ambapo muuzaji hukumbuka ghafla kwamba ana safari ya Nansio, tena kwa boti hiyo hiyo, tena sasa hivi.