Risasi Isiyo na Risasi

Ngamiani, Tanga. Ni Februari, kaskazi imekaza, na bati halijapoa tangu adhuhuri. Kibanda kimegawanywa kwa pazia la khanga: mbele mama anashona nguo, nyuma mwanawe anachezesha watoto gemu kwa malipo ya nusu saa nusu saa. Sasa ni saa sita usiku, mlango umepigwa kufuli. Mezani wamebaki watano: Pasi ya Mkaa, mwenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, Feni ya mezani, Sanduku, yaani Xbox 360 iliyonunuliwa Marekani mwaka 2006 na kufika hapa ndani ya kontena la mitumba, Taulo, aliyekunjwa juu ya Sanduku, na Mpya, mashine ya gemu iliyowasili jana, ingali ndani ya boksi lake.

FENI: Mmelala? Hamjalala. Mie nina habari.

PASI: Weye huna habari, una shingo. Ikigeuka huku inasikia ya mbele, ikigeuka kule inayapeleka nyuma.

MPYA: Shikamooni. Samahani, hapa kuna kiyoyozi?

(Kimya. Hata panya aliyekuwa chini ya cherehani alisimama.)

PASI: Marahaba, mjukuu wangu. Rudia, masikio yangu yana jivu.

MPYA: Kijitabu changu kinasema nitumike mahali penye joto la nyuzi 5 hadi 35.

PASI: Tano? Hiyo tano hata Lushoto mwezi wa saba tutaitafuta kwa tochi. Na hiyo 35, chini ya bati hili, ndiyo tunayoiita asubuhi.

FENI: Si yeye peke yake. Kijana akisoma simu mie huwa mgongoni kwake, nasoma naye. Julai 2025 huko Japani, Nintendo iliwakumbusha wenye Switch 2 waitumie kwenye nyuzi hizohizo, 5 hadi 35, maana majira ya joto yalikuwa yamepamba. Mashine yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu sokoni.

PASI: Ukumbusho si kosa. Mwenye chombo kueleza masharti ya chombo chake ni uungwana. Kinachonishangaza ni kwamba dunia inazidi kupata joto na vyombo vinazidi kudeka.

SANDUKU: Usimcheke, Bibi. Hata mie nilikuja na ulimi kama wake. Nilikuwa mweupe, kiuno kimebonyea kwa mapozi, watu wanakesha mlangoni mwa duka kunisubiri.

PASI: Haya, tusimulie. Usiku ni mrefu na mkaa umezima.

SANDUKU: Ndugu zangu wa kwanza waliingia sokoni Marekani tarehe 22 Novemba 2005, Ulaya tarehe 2 Desemba, Japani tarehe 10 Desemba. Mabara matatu ndani ya wiki tatu. Microsoft ilitaka kumwahi Sony, na ilimwahi: PlayStation 3 ilikuja Novemba 2006, mwaka mzima baadaye.

PASI: Haraka haraka...

SANDUKU: Najua inavyomalizikia, Bibi. Mie ndiye niliyemalizikia hapo.

PASI: Na hilo joto lako lilitoka wapi? Mie langu linajulikana, natiwa kaa la moto mchana kweupe.

SANDUKU: Nina chipu mbili kubwa. Moja inapiga hesabu, nyingine inachora picha, na zote zinachemka. Ile ya picha wakaiweka chini ya kisomea diski, nafasi ikawa finyu, kwa hiyo bati lake la kupoozea likabidi liwe fupi.

PASI: Yaani mpishi mkuu wamempa jiko uvunguni mwa kitanda.

SANDUKU: Na juu ya kitanda wamemlaza mgeni. Sasa sikiliza ya pili. Chipu ile inashikiliwa na vitone vidogo vidogo vya risasi ya kulehemu. Ikiwashwa inapata joto na kutanuka. Ikizimwa inapoa na kusinyaa. Lakini chipu na ubao wake havitanuki sawasawa, kwa hiyo kile kitone cha katikati kinavutwa huku na huku, leo, kesho, keshokutwa, mpaka kinapasuka. Todd Holmdahl, mmoja wa wakuu waliosimamia utengenezaji wetu, alilieleza jambo hilo kwenye filamu ya kampuni yenyewe ya mwaka 2021. Kilichotuua ni ule mwendo wa kuchemka na kupoa, kuchemka na kupoa.

FENI: Nami nimesikia fundi wa simu wa hapo jirani akisema risasi za siku zile zilikuwa za aina mpya.

SANDUKU: Kweli. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuondoa risasi kwenye vifaa vya umeme, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2006. Viwanda vikahamia risasi isiyo na risasi.

PASI: Risasi isiyo na nini?

SANDUKU: Isiyo na risasi.

PASI: Basi ni nini?

SANDUKU: Ni bati zaidi, na madini mengine kidogo. Lakini fundi akiitaja bado anasema risasi.

PASI: Kama chai isiyo na majani. Kama ubwabwa usio na mchele. Kama mahari isiyo na posa. Kama...

TAULO: Bibi, tumeelewa.

PASI: Kama bwana harusi asiye na... haya, nimeacha. Lakini sheria hiyo siilaumu. Risasi ni sumu, kuitoa ni jambo jema. Ila ukibadilisha unga, ujaribu maandazi kwanza nyumbani kabla hujayapeleka shughulini kwa watu.

MPYA: Na ulijuaje kwamba umeharibika, Mzee?

SANDUKU: Nina duara la taa usoni, limegawanywa mara nne. Nikiwa mzima huwa kijani. Robo mbili zikiwaka nyekundu, maana yake nimezidiwa na joto. Robo tatu, nimeharibika ndani, tuonane akhera. Zote nne, umesahau kuchomeka waya wa televisheni.

PASI: Subiri. Taa tatu ni msiba, na taa nne ni usahaulifu?

SANDUKU: Ndivyo.

PASI: Kwa hiyo watu walikuwa wanaomba Mungu iwake ya nne!

SANDUKU: Wengi waliona tatu. Wakaliita duara jekundu la mauti.

FENI: Wangapi?

SANDUKU: Mwanzoni kampuni ilisema wanaoharibika ni kati ya 3 na 5 kwa mia, kiwango cha kawaida cha biashara hiyo. Mwaka 2009 SquareTrade, watu waliokuwa wakiuza waranti za ziada, walihesabu mashine walizozidhamini. Kwa miaka miwili ya matumizi, Xbox 360 zilizoharibika kwa sababu zote zilikuwa 23.7 kwa mia. PlayStation 3 zilikuwa 10. Wii zilikuwa 2.7.

PASI: Karibu moja katika kila nne. Ukiwaalika wageni wanne, mmoja anazirai mlangoni, na mwenye nyumba anasema ni kawaida.

TAULO: Niseme na mie? Mie ndiye shahidi. Watu waligundua dawa: mashine ikionyesha nyekundu, ifunge taulo, ziba matundu yote, iwashe, iache ichemke. Eti risasi itayeyuka na kujishika upya.

PASI: Mgonjwa wa homa wakamfunika blanketi.

TAULO: Mablanketi matatu. Na mara nyingine aliamka! Akacheza siku moja, siku mbili, kisha akafa zaidi.

SANDUKU: Risasi ile inayeyuka kwenye nyuzi kama 217, Bibi. Taulo gani linafika huko?

PASI: Taulo la jehanamu.

TAULO: Mie ni la pamba tupu.

PASI: Hata hivyo huyu kijana wetu alikufunga juu yake juzi.

TAULO: Mara tatu. Mie nilizaliwa nikaushe watu waliotoka kuoga. Sasa naitwa fundi, na laiti kungekuwa na cheti ningekitundika. Taulo, daktari bingwa wa magonjwa ya chipu. Muda wa kazi: asubuhi bafuni, jioni wodini.

FENI: Lakini si waliwalipa? Nilisoma mabilioni.

SANDUKU: Walilipa. Tarehe 5 Julai 2007 walitangaza waranti ya miaka mitatu kwa taa tatu nyekundu, na gharama ya zaidi ya dola bilioni 1. Kabla ya hapo waranti ya Marekani ilianzia siku 90 tu, wakaipandisha kuwa mwaka. Peter Moore, aliyeongoza kitengo cha Xbox wakati huo, alikuja kusimulia kwamba alipeleka kwa bosi wake Steve Ballmer hesabu ya dola bilioni 1.15, na ndani yake milioni 240 zilikuwa za wasafirishaji, FedEx.

PASI: Basi msiba ule aliyepata faida ni mbeba jeneza.

SANDUKU: Kwa haki, walikubali kosa na wakatoa fedha. Si kila kampuni hufanya hivyo.

PASI: Nawapa haki yao. Sasa niambie, weye ulipata shilingi ngapi katika hiyo bilioni?

SANDUKU: Sikupata kitu. Nilinunuliwa 2006, waranti yangu ikafa 2009. Mie nikiwa mzima bado, nikauzwa, nikauzwa tena, nikatiwa kontenani. Taa tatu ziliniwakia hapa, mbele ya mtoto aliyekuwa amelipia nusu saa.

PASI: Mmesikia? Waranti ilikaa kulekule, ugonjwa ndio uliopanda meli.

(Feni aligeuza shingo mpaka mwisho, akarudi.)

FENI: Kuna na kichekesho. Mwaka 2021 kampuni yenyewe iliuza bango la ukutani lenye picha ya lile duara jekundu, karibu dola 25.

PASI: Wameuza nini?

FENI: Picha ya ugonjwa.

PASI: Na watu walinunua?

FENI: Watu hununua, Bibi.

SANDUKU: Na umbo jipya la mwaka 2010 halikuwekwa taa nyekundu kwenye duara. Ingawa niseme ukweli, wale wadogo zangu walikuwa na chipu ndogo zaidi, hazikuchemka kama zangu. Walikuwa wazima.

PASI: Hata kama. Mtoto akipona homa, kipimajoto hakivunjwi.

MPYA: Lakini Bibi, zamani si zilikuwa imara? Kijana alisema.

SANDUKU: Zamani zipi? PlayStation ya kwanza kabisa, ile ya miaka ya 90, watu waliipindua miguu juu ili isome diski. Nintendo ya miaka ya 80 ilipulizwa kaseti kama kaa la moto.

FENI: Na mwaka 2020 kuna waliopuliza moshi wa sigara ya umeme ndani ya Xbox mpya wakadai inaungua, mpaka kampuni ikaomba hadharani watu waache.

PASI: Uongo nao umepata soko kwa sababu ukweli uliwahi kufanana nao. Aliyeumwa na nyoka...

MPYA: Bibi, na weye hujawahi kuunguza shati la mtu?

(Feni alisahau kuzunguka. Taulo alijikunja zaidi.)

PASI: Nimeunguza. Kanzu ya Idi, begani, alama mpaka leo ipo. Lakini nisikilize, mjukuu wangu, nawe Feni uwapelekee wa upande wa pili. Siku ile mama mwenye kibanda hakumwambia mteja kwamba kanzu tatu kati ya mia huungua, ndiyo kawaida ya ushonaji. Alinunua kitambaa, akakesha, akashona nyingine kabla ya sala ya Idi.

Mie sikasirishwi na kosa. Nakasirishwa na mpango. Chukua gauni la harusi: fundi akikupa la mkono mmoja akasema, lipa yote sasa, vaa, nenda ukumbini, mkono wa pili nitakutumia ukiwa unacheza, utamkubali? Utamwita mwizi, na shangazi zako watakuja na miko. Lakini mashine ikitolewa hivyohivyo, mnasema ni kizazi kipya. Mnalipa kabla haijatengenezwa. Mnakesha kwenye foleni ili muwe wa kwanza, na hamjui mnakuwa wa kwanza kwa kazi gani. Ni kazi ya kupima! Maabara ni sebule zenu. Mpimaji zamani alilipwa mshahara, siku hizi analipa yeye. Na ikiharibika, mnajilaumu nyie: labda vumbi, labda kapeti, labda niliicheza sana. Mashine ya kuchezea, unaombaje radhi kwa kuichezea?

Na anayekaa mwisho wa foleni ni huyu wa Ngamiani. Hakukesha mlangoni mwa duka, hakuona bango, hakutumiwa boksi la FedEx. Yeye huletewa chombo kikishamaliza dhamana, akiambiwa nyuzi 35 za chumba, katika chumba ambacho...

FENI: Bibi, jogoo.

PASI: Jogoo gani? Jogoo wangu ni wa chuma, hawiki.

FENI: Wa jirani. Kumekucha.

*

Mlango ulifunguliwa. Mama alimwinua jogoo wa chuma, akatia mkaa, akatoka nje kupulizia. Nyuma ya pazia kijana alimshusha Sanduku chini ya meza, akapasua boksi, akamweka Mpya pale juu. Akamvuta Feni karibu, akamwelekeza kwenye matundu ya mashine, kisha akachana kipande cha kitambaa akamfunga shingo asigeuke.

Watoto waliingia, wakalipa, wakabanana kwenye benchi. Dakika kumi hazijapita, mdogo wao akachukua Taulo kujifuta jasho usoni.

"Kaka, mbona feni haigeuki huku kwetu?"

"Tulia," kijana alisema, macho kwenye kioo. "Mashine inasikia joto."