Barafu Iliyorudi Nyumbani

Mama Nasra huhesabu barafu zake kila asubuhi kabla hajawasha jiko. Jumamosi ile ya Februari alizikuta 9 badala ya 12. Hakuwauliza watoto. Alitoka moja kwa moja hadi uani, akanikuta nimeinamia injini ya gari, nyundo mkononi, miguuni gunia limelowa.

"Baba Nasra, hizo ni za muuza samaki. Kashalipia."

Nikamwambia nitazirudisha jioni. Sikumweleza nilikuwa nazifanyia nini, na kosa la siku ile lilianzia hapo.

Gari lenyewe ni sedani ya Kijerumani ya mwaka 2004, injini ya V8 yenye kompresa, iliyoshuka bandarini kutoka Japani. Hapa kwetu wengi huchanganya kompresa na turbo. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini yenyewe, ndiyo maana gari hujibu pale pale mguu unapogusa mafuta. Asili yake ni mashine ya kale kuliko gari lolote la petroli: ndugu wa familia ya Roots, wa Connersville huko Indiana, waliipatia hataza mwaka 1860, ikaja kutumika kupuliza tanuri za chuma. Kazi yake haijabadilika. Inashika hewa na kuisukumiza.

Lakini hewa ikibanwa hupata moto. Aliyewahi kupampu baiskeli na kugusa mdomo wa pampu anajua. Chukua hewa ya Dar es Salaam ya nyuzi 33, ibane mara 1.7, na kompresa inaweza kuitoa ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto ni nyepesi, haibebi oksijeni ya kutosha, tena huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake na injini ikaanza kugonga. Kwa hiyo kuna intakula: kifaa cha kupozea hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Kwenye gari langu hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye njia yao, yakiwa na tangi lao, rejeta yao ndogo mbele ya ile kubwa, na pampu yao ya umeme. Ni mwili mmoja wenye mishipa ya aina mbili.

Mimi nilikuwa naangalia mshipa mmoja tu. Mshale wa dashibodi ulikaa katikati siku zote, nami nikaamini gari halina joto. Kumbe mshale ule husoma maji ya injini. Hauna habari na hewa. Gari lilikuwa likitoka Segerea na nguvu zake zote, na tukifika foleni ya Barabara ya Mandela linakuwa zito. Ukikanyaga, linaguna. Kompyuta ilikuwa inachelewesha cheche ili injini isijiumize. Nilinunua kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kikaniletea namba kwenye simu: maji ya injini 94, hewa inayoingia 68.

Hapo ndipo nilipolikumbuka friza la Mama Nasra.

Wanaoshindana mbio fupi huweka barafu kwenye tangi la intakula kabla ya kuondoka kwenye mstari. Nilikuwa nimelisikia hilo, nikalishika. Nikanyonya kulanti, yale maji ya kupozea, kiasi cha lita 2 kupata nafasi, nikaimimina kwenye dumu tupu lililokuwa mlangoni mwa jiko, nikaponda zile barafu tatu, nikajaza hadi shingoni, nikafunga. Nikaondoka peke yangu kuelekea Ubungo.

Simu ilianza na 41. Tulipoingia foleni ikasoma 55, halafu 63, halafu 67. Barafu haikubadilisha kitu. Niligeuza gari nikiwa nimevunjika moyo, na baada ya dakika kama 40 za barabarani nilikuwa nyumbani. Nilipofungua kifuniko cha tangi, kipande cha ukubwa wa ngumi kilikuwa bado kinaelea ndani.

Nimesimama nakitazama, nikasikia sauti ya Mama Nasra kutoka jikoni. Hakuwa akipiga kelele. Alisema neno moja, kwa mkazo: "Mama!"

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tanga juzi yake. Alikuwa ameshika kikombe, na mjukuu wake wa miaka minne amesimama mbele yake ananyoosha mikono. Mezani kulikuwa na madumu ya juisi ya rozela yanayosubiri kufungwa kwenye vifuko. Mama Nasra alikuwa ameyapanga sita. Aliporudi kutoka dukani akayakuta saba.

La saba lilikuwa langu. Kulanti ya gari langu ni nyekundu ya waridi, na ndani ya dumu lililowahi kukaa rozela hakuna jicho litakaloitofautisha. Mama mkwe alikuwa ameliona limeachwa mlangoni, akaliingiza ndani kwa wema, akammiminia mtoto.

Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli. Ladha yake ni tamu. Hapo ndipo ilipo hatari yake, maana mtoto hatatema. Ini likishaivunja, huzaa sumu zinazoua figo, na kwa mtoto mdogo kiasi kidogo sana kinatosha kumaliza maisha. Huwaua mbwa na paka kila mahali magari yanapovuja. Mtoto akiinywa, hakuna dawa ya nyumbani. Ni kumbeba na kukimbia hospitali hata kama anacheka.

Hakuwa ameonja. Mama Nasra alikipokea kikombe kwa mama yake kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba kimejaa makaa. Nilimwomba radhi mama mkwe nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Akaniambia, "Inuka baba, Mungu kaona," kisha akaenda kukaa kibarazani na hakula chakula cha mchana. Kikombe kile na dumu lile tulivitupa vyote.

Jioni, watoto wamelala, Mama Nasra akaniuliza hatimaye zile barafu nilizifanyia nini. Nikamweleza yote, hadi ile ngumi iliyobaki. Akanyamaza kidogo.

"Barafu yangu ikikuta joto haibaki. Kama imerudi nyumbani, basi joto halijaifikia. Mimi nikishindilia friza hadi hewa ikose pa kupita, vya katikati havigandi hata siku mbili. Maji yako yanatembea?"

Sikuwa nimejiuliza. Mchana kutwa nilikuwa nimehesabu ubaridi, sikuhesabu mwendo. Na hata kama maji yangetembea, hesabu ilikuwa inanikataa: kilo moja ya barafu humeza kilojuli 334 inapoyeyuka, na injini kama ile ikikanyagwa hadi mwisho, kuipunguzia hewa yake nyuzi 60 kwahitaji kilowati 18 au zaidi. Kilo nzima huyeyuka kwa sekunde zisizofika 20. Barafu ni ya mstari wa mbio. Ya foleni ni pampu.

Jumatatu fundi aliichomoa pampu, akaiunganisha na betri kwa nyaya mbili. Haikutikisika. Mota ilikuwa imekufa, huenda kabla gari halijaja kwangu. Ndani ya mipira alikuta utando mweupe umeanza kushika, kwa sababu barafu za muuza samaki hugandishwa kwa maji ya kisima, na kisima chetu kina chumvi. Chumvi hula aluminiamu. Tulisafisha njia ile mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, tukafunga pampu mpya, tukajaza kulanti nusu kwa nusu na maji hayo hayo, na tukakaa karibu saa nzima tukitoa hewa, kwani povu moja likinasa juu, maji husimama tena. Rejeta ndogo ilikuwa imezibwa na vumbi na mbawa za wadudu, nayo ikijaa joto hulitupa kwenye rejeta kubwa iliyo nyuma yake. Tuliziosha zote mbili.

Jumamosi iliyofuata nilipita njia ile ile, saa ile ile, nje nyuzi 33. Mwendo wa kawaida, hewa ilisoma 44. Foleni ya Mandela ikaipandisha hadi 56, na magari yalipoachia ikashuka tena hadi 45 kabla sijafika daraja la Ubungo. Mama Nasra ndiye aliyekuwa ameshika simu akinisomea.

Muuza samaki nimemlipa barafu zake tatu. Kulanti iliyobaki iko stoo, juu ya kabati, kwenye chombo chake cha dukani chenye jina lake, na ufunguo anao Mama Nasra. Wewe uliyeiweka yako kwenye chupa ya maji au dumu la juisi, hata kama ni kwa leo tu, inuka ukaiondoe sasa hivi.