Barua ya Wazi: Tunaomba Spika ya Pili

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia dawa,

Salamu kutoka Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu ya Busia, Uganda. Natumaini barua hii inawakuta mmeketi vizuri, kwenye viti vyenye mito. Huku kwetu kuketi kuna utaratibu wake.

Mnamjua yule kijana muuza dawa, wa pikipiki yenye spika. "Bawasiri ya ndani, bawasiri ya nje, vidonda vya tumbo, presha, ngiri, nguvu za kiume! Ni miti tu, haina madhara!" Huja na barabara ya Tororo, akazunguka penye mashimo ya dhahabu, kisha akateremka Busia. Wateja hawakosi. Mchimbaji anayeshinda amechuchumaa shimoni na mama anayeketi chini kutwa akiponda mawe kwa nyundo wana maumivu mamoja, yasiyotajwa mbele ya wakwe.

Nami nilinunua. Shilingi elfu tano, nusu lita, chupa ikiwa bado na lebo ya maji ya kunywa. Vizibo vitatu asubuhi, vitatu jioni. Usiku wa kwanza nikakumbuka kwamba choo chetu cha wapangaji kina kufuli, na ufunguo analala nao mwenye nyumba. Nilimwamsha mzee wa watu siku tatu, mpaka akanikabidhi ufunguo pamoja na pole zake. Muuguzi mmoja alionja kwa ncha ya ulimi, akatema: shubiri hii, na pengine sanamaki. Ule utomvu wa manjano chini ya ngozi ya jani la shubiri husukuma utumbo bila huruma, ukamaliza maji na chumvi mwilini. Na kuharisha, kwa taarifa yenu, huichokoza bawasiri ileile. Yaani dawa inajitafutia wateja. Marekani waliagiza dawa za kulainisha choo zenye shubiri ziondolewe madukani mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama.

Hatuombi mumkamate kijana. Atakuja mwingine mwenye spika kubwa zaidi. Tunaomba Ofisa Madhara. Apewe pikipiki na spika ya ukubwa uleule, amfuate muuzaji hatua kumi nyuma. Yule akisema "haina madhara", huyu adakie: "Kuharisha! Tumbo kusokota! Mjamzito asiguse! Anayemeza dawa za moyo akaulize kwanza!" Aseme kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso na Kijapadhola, maana tumbo halisokoti kwa Kiingereza. Awe na sauti nzito, asione haya kutaja mahali panapohusika. Wimbo wake uwe mtamu kuliko wa mwenzake. Apate posho ya mafuta na koti la mvua. Muuzaji akivuka mpaka pale Busia, na huvuka, ofisa wetu amkabidhi mwenzake wa Kenya kipaza sauti katikati ya sentensi: huyu aishie "tumbo", yule aanzie "kusokota".

Mengine ni madogo. Futeni neno "asili" kwenye chupa, hata sumu ya nyoka ni ya asili. Muuzaji anywe kizibo kimoja mbele yetu, kisha asiondoke kwa saa sita. Simu ya malalamiko ipokelewe.

Hapa Tiira, Waheshimiwa, mnunuzi wa dhahabu hatoi hata shilingi kabla ya kuiweka kwenye mizani. Kinachoingia tumboni mwetu hakipimwi na yeyote. Jirani yangu alitoka damu chooni mwaka mzima, akanywa chupa baada ya chupa, kwa kuwa spika ilimwambia ni bawasiri. Haikuwa bawasiri. Alipofika hospitali, saratani ya utumbo ilikuwa imeshafika kwenye ini. Sheria ya dawa mnayo tangu 1993, ya tiba asilia tangu 2019. Kurasa zake zingemtosha sanda.

Samahani. Nilikuwa kwenye posho ya mafuta. Lita tano kwa siku zinatosha, na siku za gulio mwongezeeni mbili.

Leo spika imepita saa mbili asubuhi, na sasa kuna na ya kupaka. Barua hii nimeiandika nimesimama.

Wenu mtiifu,
Mpangaji mwenye ufunguo, Tiira