Shangazi, Grafu Imenigeuka Ugenini

*Shangazi, mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo. Usiku wa kuamkia mkutano mkuu nilitengeneza grafu ya pau, imetulia kama bibi harusi. Asubuhi, kwenye kompyuta ya mwenyekiti, majina ya miezi yamelala upande, mengine hayapo. Wanachama wakaanza kuuliza pau zisizo na mwezi ni fedha za nani. Je, mwenyekiti kanichezea?*
*Mhasibu Aliyeaibika, Morogoro*

Mwanangu, mwache baba wa watu. Ulichompelekea si grafu, ni vipimo. Faili la Excel hubeba maagizo tu: pau hapa, maandishi kwa fonti fulani, ukubwa kadhaa. Ni sawa na kumpa fundi cherehani vipimo vya gauni bila kitambaa. Atashona kwa alichonacho.

Nakuuliza, fonti yako ni ipi? Kama Office yako ni mpya, huenda ni Aptos, iliyomrithi Calibri mwaka 2023. (Calibri naye alikalia kiti hicho tangu Office 2007, na sikumsikia akilalamika.) Kompyuta isiyo na Aptos huazima fonti nyingine. Herufi zikinenepa kidogo, majina 12 hayaenei kwenye mhimili, na Excel huyalaza au huruka moja moja: Januari yupo, Februari hayupo. Hakuna aliyeiba Februari. Kakosa nafasi ya kukaa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Upana wa safu hupimwa kwa upana wa tarakimu za fonti ya msingi. Fonti ikibadilika, safu hutanuka au husinyaa, na grafu iliyofungwa kwenye seli hufuata mkumbo. Ingia kwenye mipangilio ya grafu, uiambie isisogee wala isibadili ukubwa pamoja na seli. Tumia fonti ya kizee kama Arial, ambayo ipo karibu kila nyumba. Na siku ya mkutano peleka PDF yenye fonti ndani yake. Hiyo ni nguo iliyokwisha kushonwa. Faili lenyewe mpe anayetaka kuhakiki hesabu.

*Shangazi, grafu yangu ya maporomoko, kwa bosi ni kisanduku cheupe kitupu. Anadhani sikufanya kazi.*
*Mnyonge, Mombasa*

Bosi anatumia Excel ya 2013, sivyo? Grafu hiyo ilizaliwa na toleo la 2016. Tengeneza pau za kupandana, ile ya chini uiondolee rangi. Ya juu itaonekana inaelea. Kununua toleo jipya ni juu yake, usimkumbushe wewe.

*Shangazi, nilifungua duka 2023. Nimenakili mauzo kutoka faili la kaka lililotengenezwa kwenye Mac ya zamani, grafu inaonyesha nimeanza kuuza 2019!*
*Mama Duka, Tanga*

Excel za Mac za zamani zilianza kuhesabu siku kutoka 1904, za Windows kutoka 1900. Tofauti ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Ongeza 1,462 kwenye kila tarehe uliyonakili. Fanya leo leo, kabla mtu wa kodi hajaiona hiyo grafu akakudai ya miaka minne ambayo duka lilikuwa bado kiwanja.