Oili Itakayomlipia Fundi Karo

Pawa so, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, ikifa huko Kathiani au Masii, kuna mtu mjini Machakos anayepata nafuu. Fundi ana watoto shuleni, muhula unafunguliwa, na si vizuri kumpa mtu mzima pesa za bure. Mwongozo huu ni kwa wenye roho safi wanaotaka kumsaidia kwa heshima, kupitia chupa ya oili.

Anza kwa kuchagua rangi. Watengenezaji hutia oili ya 2T rangi nyekundu, buluu au kijani ili ukitazama mtungi ujue petroli imeshachanganywa. Rangi haina kazi nyingine, lakini wewe chukua nyekundu, inaonekana kali, na mkaratusi ni mti mkaidi. Nyuma ya chupa utakuta herufi za daraja la Kijapani: JASO FB, FC, FD. Kadiri unavyosogea kuelekea FD ndivyo injini inavyobaki safi. Herufi zenyewe zimeandikwa ndogo mno, ishara tosha kwamba hazikuhusu.

Nyekundu ikikosekana, chukua ya bodaboda, haikosi dukani. Ni kweli oili ya bodaboda hukaa chini ya injini ikizunguka, na imetengenezwa isiungue. Ya pawa haina pa kukaa: husafiri ndani ya petroli, hupaka beringi na pistoni ikipita, kisha huungua na kutokea ekzosi. Ukiibadilisha na ya boda utapata masizi, plagi nyeusi na ekzosi iliyoziba. Hiyo bado ni kazi ndogo, lakini fundi hatakataa, karo nayo hulipwa kwa awamu.

Binamu wa Mombasa akikuletea oili ya mashua, ile ya TC-W3, ipokee kwa mikono miwili. Nayo ni 2T, imeandikwa pale pale. Injini ya mashua hupozwa na maji. Pawa hupozwa na upepo, tena ikizunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, kwenye jua la Mwala la mwezi wa pili. Usimkumbushe binamu.

Sasa vipimo, na hapa usiharakishe. Vitabu vya mashine nyingi za leo husema 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Vitabu vya Stihl vimekuwa vikiongeza kwamba ukitumia oili ya kampuni nyingine uende 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa kila lita. Kuna hata chupa ndogo zenye mistari ya kupimia. Achana nazo, una kifuniko cha soda na una jicho. Mwenye mashine humimina akaongeza kidogo, kwa uchungu wa mali yake. Kibarua humimina akapunguza kidogo, kwa sababu chupa ikibaki na oili jioni inauzika. Kati ya hao wawili, fundi anamwombea kibarua.

Usichanganyie kwenye mtungi na kutikisa, huko ni kujichosha. Jaza petroli tupu kwenye tangi la pawa, kisha mimina oili juu yake na ufunge. Oili ni nzito, itazama hadi kwenye mpira unaonyonya mafuta. Mwanzo pawa itatoa moshi hadi jirani wa ng'ambo ya bonde adhani unachoma makaa. Baadaye oili itapungua, moshi ukatike, na vijana waseme, "Sasa imeshika!" Wamesema kweli, ila hawajui ni nini kinachoshikana na nini.

Kama pawa yako ililala stoo tangu marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti kwenye misitu ya umma, ikatoka Rais Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, huenda mtungi bado una mchanganyiko wa enzi hizo. Ushauri wa kawaida ni kutoutumia ukipita mwezi. Mimina tu, petroli ni ghali.

Kwenye cheni tia oili chafu ya gereji, ile tunayopaka nguzo za ua mchwa wasile. Ina chembe za chuma. Chuma kwa chuma, ndugu.

Siku itafika. Utavuta kamba katikati ya mgrevilea, igome kabisa. Nenda mjini mapema, na ukiulizwa sema, "Jana ilikuwa sawa kabisa." Fundi atafungua ekzosi, amulike kwa tochi ya simu, na kwenye pistoni aone mikwaruzo iliyosimama wima, ya kung'aa. Atakuuliza unatumia oili gani. Jibu, "Ile ya kawaida." Hataendelea kuuliza. Atakuandikia kwenye kipande cha boksi: pistoni, ringi, silinda, gasketi, na chini kabisa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa juu, deposti.